Somo: HD bure kwa antena hapa Marekani, bila bili ya kebo

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, somo hili ni la wale wanaolipa kebo kila mwezi ili waone habari, mpira wa wikendi na vipindi vya watoto. Chukua bili yako uisome mstari kwa mstari. Kampuni nyingi zina tozo humo inayoitwa Broadcast TV Fee. Hiyo ni pesa unayotozwa kuletewa ABC, CBS, NBC, FOX na wenzao, chaneli ambazo zinapita hewani juu ya paa lako usiku na mchana, bure. Hapa hakuna leseni ya televisheni kama Uingereza, hakuna kifurushi, hakuna kujisajili popote. Stesheni kubwa zilizima analojia tarehe 12 Juni 2009, na tangu siku hiyo zinarusha kwa dijitali pekee.

Picha yenyewe mara nyingi inaizidi ile ya kebo. Kila stesheni ina nafasi ya megabiti 19 hivi kwa sekunde kurushia vipindi vyake. CBS na NBC kwa kawaida hurusha 1080i, ABC na FOX hurusha 720p, na zote mbili ni aina za HD. Kampuni ya kebo ikiipokea picha hiyo huibana tena ili chaneli mamia zienee kwenye waya mmoja. Utaiona tofauti kwenye mpira: kamera inapokimbizana na winga, majani ya uwanja kwenye antena yanabaki majani, wakati kwenye kebo yanageuka uji wa kijani hadi kamera itulie.

Nitatumia Dallas kama mfano, kwa sababu wenzetu wengi wako huko na minara yake ni rahisi kuielewa. Ukiwa mji mwingine, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Jua minara iko wapi kabla hujanunua chochote

Hapa ndipo pesa za watu wetu zinapopotea. Mtu anaenda dukani, anachukua boksi lililoandikwa "4K, maili 300", anafika nyumbani anapata chaneli mbili, anaamua antena ni utapeli na kurudi kwenye kebo. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu moja kwa moja, na dunia ni mviringo. Ukishavuka maili 60 au 70 kutoka kwenye mnara, ardhi yenyewe inakukinga, labda uwe mlimani. Antena ya maili 300 haipo. Vilevile hakuna antena ya HD wala ya 4K. Antena ni chuma kinachonasa mawimbi, haijui picha iliyobebwa humo ni ya aina gani. Ile ya zamani aliyoiacha mpangaji aliyetangulia inaweza kukupa HD safi kabisa.

Fungua RabbitEars.info, au ramani ya DTV ya FCC, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, andika anwani yako. Utapata orodha ya stesheni. Soma vitu vitatu: upande mnara uliko kwa digrii za dira, nguvu ya mawimbi yanayokufikia, na namba halisi ya chaneli.

Hicho cha tatu ndicho wengi hukiruka, na ndicho muhimu kuliko vyote. Namba unayoiona kwenye skrini si lazima iwe ile ambayo stesheni inarushia. Dallas, FOX ni chaneli 4 kwenye rimoti, lakini inarusha kwenye chaneli 35, ambayo ni UHF, yaani masafa yenye mawimbi mafupi. ABC, yaani WFAA, ni 8 kwenye rimoti na ni 8 kweli hewani, na hiyo ni VHF, yaani masafa yenye mawimbi marefu zaidi. Wimbi la chaneli 35 lina urefu wa nusu mita hivi. Wimbi la chaneli 8 lina zaidi ya mita moja na nusu. Antena bapa ndogo kama karatasi ya daftari inalinasa la kwanza bila shida, la pili linaipita. Ndiyo maana utasikia mtu wa Dallas akisema, "Napata zote isipokuwa 8." Huyo hahitaji fundi, anahitaji antena yenye uwezo wa VHF.

Hatua ya 2: Nunua antena inayolingana na orodha yako

Chaneli 2 hadi 13 ni VHF, 14 hadi 36 ni UHF. Zilizokuwa juu ya 36 ziliondolewa kwenye televisheni baada ya mnada wa masafa wa mwaka 2017, nyingi zikaenda kwa kampuni za simu.

Kama chaneli zako zote ni UHF na mawimbi ni mazito, antena bapa ya ndani ya dola 20 hadi 40 inatosha. Kama kuna VHF ya 7 hadi 13 katika orodha, tafuta yenye fimbo mbili za kuvuta. Kwa chaneli 8, vuta kila fimbo ifike sentimita 40 hivi, uzilaze kulia na kushoto, zisisimame wima. Kama mawimbi ni hafifu au uko mbali, utahitaji ya nje au ya darini.

Hatua ya 3: Mahali pa kuiweka

Karibu minara yote mikubwa ya Dallas na Fort Worth iko Cedar Hill, kusini-magharibi mwa jiji la Dallas. Aliyeko Plano anaelekeza antena kusini, ikilalia magharibi kidogo. Aliyeko Fort Worth anaelekeza mashariki, ikilalia kusini kidogo. Dira ya kwenye simu inatosha kabisa.

Anza na dirisha lililo upande huo, juu kadiri unavyoweza. Ghorofa ya pili hushinda ya kwanza. Ukuta wa matofali hupunguza nguvu ya mawimbi. Wavu wa chuma dirishani, karatasi ya foili ndani ya ukuta na vioo vya kisasa vyenye tabaka la kuzuia joto huyazuia zaidi. Iepushe pia na taa za LED, ruta na chaja za simu, hasa kama una chaneli za VHF, maana vifaa hivyo hutoa kelele ya umeme inayofunika mawimbi. Antena iliyobandikwa nyuma ya televisheni yenyewe iko mahali pabaya kuliko pote, na ndipo wengi wanapoiweka kwa sababu haionekani.

Hatua ya 4: Waya

Chomeka kwenye tundu la duara lenye nyuzi za skrubu nyuma ya televisheni, lililoandikwa ANT IN au RF IN. Kaza kwa mkono tu. Ukihitaji waya mrefu, nunua ulioandikwa RG6, si ule mwembamba.

Hatua ya 5: Tafuta chaneli

Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, sehemu ya chaneli. Utaulizwa chanzo. Chagua Antenna au Air. Ukichagua Cable hutapata kitu hata kama antena yako ni nzuri namna gani, na kosa hili linarudisha antena nyingi dukani. Kisha bonyeza Auto Scan usubiri imalize.

Usitosheke na matokeo ya kwanza. Televisheni nyingi zina ukurasa wa kuonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Fungua chaneli iliyo dhaifu kuliko zote, sogeza antena kidogo kidogo huku ukiangalia ubora, na kila ukisogeza subiri sekunde chache uondoke karibu nayo, kwa sababu mwili wako nao unakinga mawimbi. Sentimita 20 zinaweza kuwa tofauti kati ya picha safi na skrini nyeusi. Ukishapata mahali pazuri, ibandike, halafu tafuta chaneli upya. Rudia kutafuta kila baada ya miezi michache, kwani stesheni huongeza na kuhamisha chaneli.

Utashangaa idadi. Chini ya chaneli kuu moja, kama 8, utakuta ndogo kama 8.2, 8.3 na kuendelea, zenye mambo kama filamu za zamani au kesi za mahakamani. Nyingi kati ya hizo ndogo si HD. PBS, televisheni ya umma, itafute mahsusi kama una watoto. Ni vipindi vya elimu visivyo na fujo ya matangazo ya biashara, na kwa familia iliyofika juzi kutoka kambi ya wakimbizi, ni mwalimu wa Kiingereza aliyeko sebuleni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Houston: Kaka, asante kwa somo. Nimefuata yote, NBC na FOX zinang'aa, lakini 11 na 13 zinakatika-katika na 8 haipo. Antena ni ile bapa ya dirishani.

Jibu: Dada, umeorodhesha hasa VHF za Houston. CBS ya 11, ABC ya 13 na PBS ya 8 zote zinarusha kwenye namba zilezile unazoziona. Usiongeze kikuza mawimbi. Badilisha antena, chukua yenye fimbo, uielekeze upande wa Missouri City ambako minara iko. Chicago nako kuna jambo kama hili: CBS ya 2 inarusha kwenye 12, nayo ni VHF.

Swali, Philadelphia: Mimi shida yangu ni ABC ya 6 peke yake. Hata antena ya fimbo imeshindwa.

Jibu: Hiyo ni kesi ya pekee, ndugu. Stesheni hiyo inarusha kwenye chaneli 6 halisi, VHF ya chini, na wimbi lake ni refu sana, mita tatu na nusu. Vuta kila fimbo ikaribie sentimita 90, kama zinafika, uzielekeze kwa minara ya Roxborough. Zima taa za LED chumbani ujaribu tena. Ikishindikana, ni antena ya nje iliyoandikwa wazi kwamba inapokea chaneli 2 hadi 6. Nyingi za dukani hazipokei hizo, soma boksi vizuri.

Swali: Meneja wa apatimenti kaniambia ni marufuku kuweka antena kwenye roshani. Naogopa kufukuzwa.

Jibu: Usiogope, mama, lakini jua mpaka wa haki yako. Kuna kanuni ya FCC iitwayo OTARD, iliyotokana na sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996. Inamzuia mwenye nyumba au chama cha wakazi kukukataza antena ya televisheni katika sehemu ambayo ni yako peke yako kuitumia, kama roshani yako. Haikupi ruhusa ya paa la jengo, ukuta wa nje au ngazi za wote. Hairuhusu pia kutoboa ukuta kinyume cha mkataba, na masharti ya usalama yanabaki halali. Ifunge kwenye stendi ndani ya roshani, isitokeze nje ya ukingo, kisha mpe meneja nakala ya ukurasa wa FCC unaoeleza kanuni hiyo. Mpe kwa heshima na kwa maandishi, ubaki na nakala yako.

Swali: Nina televisheni tatu. Antena moja inatosha?

Jibu: Inatosha, kwa kigawanyo. Lakini kila ukigawa, nguvu inapungua. Kigawanyo cha njia mbili kinaacha chini ya nusu kwa kila televisheni. Hapa ndipo kikuza mawimbi kina kazi, pamoja na pale waya ulipo mrefu, na kikae karibu na antena, kabla ya mgawanyo. Kama uko karibu na minara usikiweke, kitazidiwa na mawimbi na chaneli ulizokuwa nazo zitapotea.

Swali: Shikamoo. Mwanangu kaniletea king'amuzi kutoka Nairobi, cha chaneli za bure. Naweza kukitumia huku Texas?

Jibu: Marahaba, ingawa huenda wewe ndiye mkubwa wangu. Hakitafanya kazi. Kenya inarusha kwa mfumo wa DVB-T2, Marekani inatumia ATSC, na mifumo hii haisikilizani. Televisheni yako ikiwa ya hapa na ilitengenezwa baada ya mwaka 2007, kipokezi cha ATSC karibu kila mara kimo ndani. Kama ni skrini isiyo na tundu la antena, nunua kisanduku cha kubadilisha cha ATSC.

Swali: Mpira je? Mimi nisipoona EPL sina wikendi.

Jibu: NBC huonyesha baadhi ya mechi za EPL hewani, hasa Jumamosi. Zilizobaki ziko kwenye huduma za kulipia. Haki za Kombe la Dunia la 2026 zilichukuliwa na FOX kwa Kiingereza na Telemundo kwa Kihispania, na zote mbili zinapatikana kwa antena kwenye miji mikubwa, ingawa baadhi ya mechi za FOX zilipangiwa chaneli yake ya kulipia. AFCON usiitegemee kwa antena. Habari za nyumbani, kama za TBC au Citizen, zifuate YouTube.

Swali: Nataka kuweka darini au nje ya paa. Fundi kasema nisihangaike na waya wa ardhi, ni gharama bure.

Jibu: Kaka, hapo usimsikilize. Ya darini haina hatari hiyo, na kama paa lako si la bati, anza hapo. Ya nje lazima nguzo na waya wake viunganishwe na ardhi ya umeme wa nyumba, kwa ajili ya radi na umeme unaojikusanya kwenye chuma. Na kabla hujainua nguzo, tazama nyaya za umeme zinapita wapi. Nguzo ikianguka upande wowote isiweze kuzifikia. Kama nafasi hiyo haipo, weka darini, hata kama utakosa chaneli moja au mbili.