Jinsi ya Kusali na Kufunga kwa Kuitegemea Neema

Kwaresima inapokaribia, Wakristo wengi wa Mombasa hujiwekea ratiba nzito ya kuamka alfajiri, kusoma sura kadhaa za Biblia na kukesha kila Ijumaa. Baada ya muda mfupi ratiba huvunjika, na mtu huona haya hata kumkaribia Mungu. Kasoro huwa katika msingi wenyewe, kwa kuwa aliyeipanga alitumaini bidii yake, ilhali Kristo alisema, "Pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote."

Kwa hiyo, kabla ya kupanga saa, anza kwa kukiri. Mwambie Mungu waziwazi lile usiloliweza: "Bwana, sina hamu ya kusali; nipe hamu hiyo." Usiione sala kama hiyo kuwa hafifu. Katika Luka 18, Farisayo alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka, mambo mema kabisa, lakini aliyahesabu mbele za Mungu huku akimdharau mwenzake. Mtoza ushuru alisimama mbali, hakuthubutu hata kuinua macho, akaomba rehema kwa sentensi moja, naye ndiye aliyerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki. Nakusihi ukae na kisa hiki siku kadhaa kabla ya kuongeza lolote.

Kisha chagua muda mdogo. Dakika kumi zinatosha. Anayeishi na watoto katika chumba kimoja cha kupanga Kisauni huenda asipate faragha, lakini anayevuka Likoni husubiri feri kila siku. Hapo, katikati ya msongamano, anaweza kusali sala ya kale ya Wakristo wa Mashariki: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu," anapovuta pumzi, na "unihurumie mimi mwenye dhambi," anapoitoa. Wazo la kodi ya nyumba likimjia, amkabidhi Mungu kodi hiyo, kisha ayarudie maneno bila kujikaripia.

Katika kufunga, joto la Pwani lisipuuzwe: anayebeba mizigo juani anywe maji, na mwenye kisukari au mjamzito amwulize daktari kwanza. Unaweza kuacha mahamri na chai ya asubuhi, na fedha hiyo umpe mwenye shida. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilikutana mwezi Machi. Nyakati kama hizo ni rahisi kulinganisha mfungo wako na wa jirani Mwislamu, na kulinganisha huko ndiko kulikomharibia Farisayo sala yake.

Ukianguka, rudi siku iyo hiyo, wala usiongeze saa za sala kesho yake kama faini. Kanisa la Afrika ya Kaskazini lilikabiliana zamani na wazo hili la kutegemea bidii yetu wenyewe: Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Carthage wa mwaka 418 ulikataa fundisho kwamba neema huturahisishia tu yale ambayo tungeyatimiza hata bila hiyo. Anguko likijirudia, mwendee padri, mchungaji au mzee wa kanisa unayemwamini, umweleze bila kujipamba na umwombe asali nawe. Kisha endelea na dakika zako kumi, bila kuzizidisha.