Namna ninavyopata mafundi wa kushona kwa WhatsApp na Facebook

Nina chumba cha kushonea hapa Kamalondo, Lubumbashi. Kila mwaka, sare za shule za Septemba hunikuta mikono haitoshi, kwa hiyo natafuta mafundi tangu Juni, kwa simu tu.

Anza na lugha. Tangazo langu la kwanza la Facebook niliandika kwa Kifaransa. Nikapokea barua nzuri na vyeti, lakini wengi walioniandikia hawakuwahi kukalia cherehani. Mwaka uliofuata nikarekodi sauti kwa Kiswahili chetu, sekunde 40: kazi gani, mtaa gani, saa ngapi, nalipa kiasi gani kwa shati moja. Sauti hiyo ikatoka kwenye grupu la kanisa ikaingia la wamama wa soko, na mafundi wakaanza kunipigia. Fundi anaweza kuisikiliza huku anashona. Malipo usiyafiche, ukiyaficha, utashinda unajibu swali moja.

Picha iwe ya mahali pako penyewe. Mimi naonyesha zile mashine mbili za kukanyaga, kwa sababu fundi anataka kujua atafanya nini umeme ukikatika. Video iwe fupi, mega za intaneti ni ghali. Statu ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24, basi irudishe kila jioni.

Sasa kuchagua. Siombi cheti. Naomba picha ya nguo aliyoshona, imegeuzwa ndani nje, na pembeni kikaratasi chenye tarehe ya leo ili asinitumie kazi ya mwingine. Dada mmoja alinitumia blauzi ya kikwembe, yaani kitenge: nyuzi zote zimekatwa, mshono umenyooka hadi kwapani, na ubavuni ameacha kitambaa cha vidole viwili ili mwenye nguo akinenepa ipanuliwe. Nilimwita siku ileile. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaruhusu majaribio yasiyozidi miezi 6 kwa mwenye ujuzi. Mimi mashati matatu yananitosha, na hayo matatu nayalipa.

Jambo hili lishike sana. Kuna mtu alinakili tangazo langu, akaweka namba yake, akadai pesa ya fomu. Mama mmoja alifika mlangoni kwangu na ujumbe wa kutuma pesa kwenye simu yake, akiuliza aanze lini. Iliniuma, bado inaniuma. Tangu hapo kila tangazo langu linaanza hivi: «Hatuombi hata faranga moja. Namba yetu ni hii tu.» Naitamka pia ndani ya sauti, kwa kuwa maandishi hubaki nyuma sauti ikirushwa.

Nafasi zikijaa, tangaza palepale kwamba zimejaa, na waliokosa wapelekee sauti mmoja mmoja, ukiwataja kwa majina. Namba zao nazihifadhi kwa neno «fundi» mbele; Juni ikifika naanza na hao.