Unaishi Dar na hujazoea milima? Namna ya kuchagua matembezi ya siku moja

Mtu anayemaliza kilomita 10 za ufukweni bila kuhema hujiona yuko tayari kwa Uluguru, milima ya Morogoro. Mapafu yatatosha, mapaja na magoti ndiyo yatakayogoma. Kwa hiyo uchaguzi wa njia ufanye hivi.

1. Anza na saa za kurudi

Kwa siku moja una sehemu mbili za maana. Ya kwanza ni Pugu-Kazimzumbwi: daladala hadi Kisarawe, vilima vifupi, msitu na mapango ya popo. Ya pili ni Morogoro, kama kilomita 190 kutoka Dar. Tangu treni ya SGR ianze Juni 2024, safari ni saa 2 hivi, na basi silipendekezi: foleni ya Kibaha ikikukamata, umekwisha. Tazama kwanza treni ya mwisho ya kurudi, ukate tiketi zote mbili pamoja. Stesheni iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo tenga muda na nauli ya bodaboda. Lushoto na Udzungwa waachie wanaolala huko.

2. Pakua ramani

Organic Maps, bure, hufanya kazi bila bando. Washa mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye urefu sawa kutoka usawa wa bahari, yenye namba za mita. Google Maps ni nzuri kwa kutafuta duka la dawa. Njia nyingi za miguu za mlimani haina.

3. Hesabu mita za kupanda, siyo kilomita

Hapa ndipo watu wa tambarare hukosea, maana swali lao la kwanza ni "kilomita ngapi?"

Fuata njia kwenye ramani kwa kidole. Kila namba ya kontua inapoongezeka, andika ongezeko. Inapopungua, usitoe kitu. Tuseme njia inapanda kutoka mita 600 hadi 800, inashuka bondeni hadi 720, kisha inapanda hadi 950. Tofauti ya mwanzo na mwisho ni mita 350, lakini miguu imepanda 200 na 230, yaani 430. Wakati wa kurudi, zile 80 za bondeni utazipanda tena: jumla 510. Njia inayokatiza vijito, na Uluguru vimejaa, hukuficha mzigo namna hii.

Kisha geuza kuwa saa. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mgeni wa milima ni kali mno. Tumia kilomita 4 na mita 400. Njia ya kilomita 10 yenye mita 600 za kupanda: saa 2 na nusu, jumlisha saa 1 na nusu, ni saa 4. Ongeza saa moja ya kupumzika, kunywa maji na kupiga picha. Usipunguze kitu kwa ajili ya kushuka: udongo mwekundu uliolowa huteleza kama sabuni, na anayeanza hushuka polepole kama alivyopanda.

Sasa pima Lupanga, kilele kinachotazama mji. Mji uko karibu mita 500, kilele kinapita 2,100. Mita 1,600 ni saa 4 za mwinuko peke yake, kabla hujahesabu kilomita wala kurudi. Siyo ya kuanzia, hata rafiki yako akisema "twende tu". Morningside, penye jengo la zamani la Wajerumani, ni nafuu kuliko Lupanga, ila nayo pima mita zake kwanza: njia pana, mashamba ya mboga, na watu wa kuuliza.

Mara ya kwanza usizidi mita 300 za kupanda. Ya pili, 500.

Angalizo: msituni GPS ya simu hurukaruka, na jumla ya mita za kupanda inayorekodi mara nyingi huzidi ya kweli. Hesabu ya kontua iamini zaidi.

4. Kibali

Misitu hii iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Piga simu ofisini siku za kazi, uliza ada na mwongozaji, ulipe kwa kontroo namba kabla ya kusafiri.

5. Mazoezi

Ngazi. Ghorofa moja ni kama mita 3, hivyo jengo la ghorofa 10 mara tano ni mita 150. Shuka kwa miguu pia, usichukue lifti, kwa sababu kushuka ndiko kunakoumiza mapaja kesho yake. Fanya ukiwa na begi la kilo 4.

6. Siku yenyewe

Maji lita 3, viatu vyenye meno, kucha za miguu zimekatwa (vidole hugonga mbele unaposhuka). Epuka masika, Machi hadi Mei. Ukianza saa 3 asubuhi, geuka saa 7 mchana popote ulipo, hata kama umebakiza mita 100: saa 1 usiku tayari ni giza, na chini ya miti linaingia mapema zaidi.