SOMO: Kujiandaa na operesheni ya ngiri, na siku za baada yake

Maswali ya inboksi ni yaleyale, kwa hiyo nayajibu hapa mara moja.

1. Barua ya rufaa, kadi ya bima, majibu ya vipimo: bahasha moja.

2. Taja dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo. Za kisukari na za kuzuia damu kuganda, daktari ndiye aamue lini uache.

3. Toa rangi ya kucha. Usijinyoe kwa wembe nyumbani, mikwaruzo yake huingiza wadudu.

4. Kufunga. Hapa ndipo watu wanaharibu. Ukipewa nusu kaputi, koo halijilindi tena. Kilichomo tumboni kikipanda kinaweza kuingia kwenye mapafu, na hicho kinaua. Kwa kawaida chakula chepesi kinakoma masaa 6 kabla ya operesheni, chenye mafuta mengi kama chipsi mayai masaa 8, maji matupu masaa 2. Hospitali ikikupa masharti makali zaidi, fuata yao. CHAI YA MAZIWA NI CHAKULA. Uji pia ni chakula. Shangazi yangu aliahirishiwa operesheni mlangoni kwa kikombe kimoja cha chai ya maziwa, tena alichonyweshwa na sisi ndugu kwa huruma. Ukiwa umekula, sema! Kuahirishwa si aibu.

5. Baada ya operesheni, tembea mapema ili damu isigande miguuni. Ukikohoa, kandamiza mto kwenye mshono. Kula mapapai na mboga, unywe maji, usije ukajikamua chooni. Ndoo ya lita 20 usiiguse kwa takribani wiki 6.

6. Homa, usaha, au wekundu unaosambaa: rudi hospitali siku hiyohiyo.

MASWALI

Wa Mbagala: Mkuu sijasoma yote. Naingia saa tatu asubuhi, uji saa kumi na moja alfajiri poa?
— Hapana. Soma namba 4.

Wa Tabata: Mimi nachomwa ganzi ya mgongo, silali. Kwa nini nifunge?
— Swali zuri sana, ndugu yangu. Ganzi ikigoma kushika, au operesheni ikirefuka, watakubadilishia nusu kaputi palepale. Tumbo lazima liwe tayari.

Wa Mbagala: Uji mwepesi lakini.
— Uji ni uji.

Dada wa Kigamboni: Nimejifungua kwa upasuaji, mama mkwe anataka kunikanda maji ya moto.
— Pole na hongera, dada. Tumboni asikukande. Ngozi karibu na mshono hubaki na ganzi kwa muda, unaweza kuungua usijue, na kidonda kibichi hakitaki kulowa. Usibishane naye, nenda naye kliniki, muuguzi amweleze. Mtori wake kunywa, unakufaa.

Wa Tabata: Kurudi nyumbani, bodaboda inafaa?
— Hapana, matuta yatakutesa. Chukua teksi, ukae mbele, mto mdogo kati ya mkanda na tumbo.

Wa Tabata: Asante. Mto naubeba tangu siku ya kwanza.
— Beba na kanga au shuka laini. Suruali yenye mkanda utaichukia.