Jinsi ya kutengeneza sanamu ya magofu kwa mazabodi mbovu (bodi kuu za kompyuta) na mizizi

Wiki hii nimemwelekeza dogo mmoja mpaka kamaliza ya kwake, na kwa kuwa wengi mnaulizia naweka hapa wote mpate.

1. Chagua mji. Mimi nafuata Gedi, karibu na Watamu, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, msitu ukaingia mpaka ndani ya nyumba. Angalia mizizi ya mikuyu kwenye zile kuta, inashuka kutoka juu ikitafuta udongo, kwa hiyo na wewe ishushe, ikipanda sanamu inakuwa ya uongo.

2. Mazabodi waombe mafundi kompyuta. Pawa saplai, lile boksi la umeme la kompyuta, usifungue kabisa, kapasita zake (vikopo vya kutunza umeme) hubaki na umeme hata ukishachomoa. Vifaa vya kununua achana navyo, hata msanii Cyrus Kabiru wa Nairobi kajulikana duniani kwa miwani ya vyuma chakavu vya mtaani.

3. Kata kwa msumeno wa chuma, bodi ikiwa imelowa, na barakoa usoni, maana vumbi lake ni nyuzi za kioo. Kuchoma moto marufuku, moshi wake ni sumu.

4. Kubandika. Hapa ndo kazi za watu zinapofia. Mzizi ukiwa na maji ndani utasinyaa ukishabandikwa, utajibandua wenyewe, na ukungu juu. Kausha kivulini, juani unapasuka, halafu pima kwenye mzani wa jikoni kila siku, uzito ukiacha kushuka ndo umekauka, kuushika kwa mkono tu hakutoshi. Bodi nayo inateleza, ikwangue na msasa mpaka mng'aro uishe, futa na spiriti, usiiguse tena na vidole, mafuta ya ngozi yanaharibu. Gundi nyeupe ya mbao haishiki hapo, na ile ya kuyeyusha kwa moto sitaki hata kuiona, joto la Pwani linailainisha. Tumia gundi ya mirija miwili (epoksi), changanya kidogo kidogo maana inaganda haraka, funga mzizi na uzi, acha mpaka kesho. Ukiufungua jioni ileile utautoa na gundi yake.

5. Tundu la waya wa intaneti lisimamishe wima, linakaa kama mlango wa nyumba ya mawe. Mzizi mmoja upitishe humo ndani.

6. Chokaa nyepesi kwa brashi kavu, kwenye kingo tu, ile kijani ya bodi ionekane.

7. Vanishi isiyong'aa, mizizini peke yake.