Jinsi ya Kupata Mwenyeji Shambani Ukisafiri kwa Gari kutoka Mwanza hadi Bukoba

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, msafiri anayezunguka ziwa kwa gari hapotezi tena muda akisubiri kivuko. Muda huo ni heri autumie kulala usiku mmoja kwa mkulima.

Anza kumtafuta mwenyeji kabla hujaondoka. Jijini Mwanza si vigumu kumpata mtu mwenye ndugu Sengerema, Geita, Biharamulo au Muleba. Mwombe akutambulishe kwa simu, kwa kuwa mgeni aliyetanguliwa na jina linalofahamika hapokewi kama mpita njia. Ukikosa wa kukutambulisha, simama kijijini kwenye saa tisa au kumi alasiri, umwulizie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, wala usiende moja kwa moja kwenye nyumba iliyokuvutia ukiwa barabarani. Kiongozi ndiye anayejua kaya yenye chumba cha ziada na kaya yenye mgonjwa au msiba. Tena akishakuandika, mwenyeji wako hataulizwa na majirani amemlaza nani. Onyesha kitambulisho, na useme waziwazi mko wangapi na mtalala siku ngapi.

Salamu usizifupishe. Usukumani, “mwangaluka” ya asubuhi na “mwadila” ya mchana, hata zikitamkwa kwa lafudhi mbovu, huleta kicheko, na baada ya kicheko huja kiti.

Suala la malipo mwulize aliyekutambulisha, maana ukiulizia bei mlangoni, mwenye nyumba anaweza kuona umeigeuza nyumba yake gesti. Sukari na sabuni hupokelewa vizuri popote. Mchele mimi nisingempelekea mkulima wa mpunga. Fedha, kama ipo, mkabidhi mama mwenye nyumba asubuhi ya kuondoka, bila hadhira.

Beba chandarua na tochi. Usioge ziwani hata ukiwaona watoto wakiogelea, kwa sababu kichocho kipo, na baadhi ya fukwe zina mamba na viboko. Kati ya Machi na Mei, udongo mweusi wa mbugani hunasa magari, hivyo omba kuegesha karibu na lami, kwa ruhusa ya kiongozi yuleyule, umalizie kwa miguu au kwa bodaboda.