SOMO: Kofia ya kibao cha kuchonga isiyopasua ubao

Wiki hii nimeulizwa mara nne kwa nini kofia, yaani mbao inayolala juu ya kibao cha jina kukikinga na maji, imepasua kibao. Naandika hapa mara moja. Vibao vyetu vya Bagamoyo hupigwa na chumvi ya bahari na jua la kutwa, kwa hiyo nasemea vibao vya nje.

1. Chukua mninga au mvule uliokauka.

2. Kofia izidi kibao sentimita 3 kila upande, na mbele itokeze hivyo hivyo.

3. Piga randa juu iinamie mbele, maji yasilale.

4. Chini, karibu na ukingo wa mbele, chimba mfereji wa milimita 4.

5. Toa nakshi ya ukingo kwa rauta, ile mashine ya kuchonga kingo. Anza na ncha mbili, malizia upande mrefu. Ncha humeguka pembeni, na upande mrefu ndio utakaofuta mameguko hayo.

6. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 180.

7. Kufunga. Hapa ndipo nilipoharibu. Kilikuwa kibao cha nyumba ya wageni, ubao wa wima, nyuzi zake (ile mistari ya ndani ya mbao) zinapanda, za kofia zinalala. Nilipaka gundi mwanzo hadi mwisho, nikakaza skrubu nne. Masika ikapita salama. Kiangazi kilipokolea kibao kikapasuka katikati ya jina, mwenye nyumba akasikia mlio akiwa ndani. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana; kwa urefu karibu hausogei. Wangu ulitaka kusinyaa, kofia ikaushikilia.
Kwa hiyo gundi iwe katikati tu, upana wa vidole vinne. Skrubu ya katikati ikae kwenye tundu la kawaida. Za pembeni zitobolee kofia matundu marefu yanayofuata urefu wake, na USIZIKAZE mpaka mwisho. Tumia za shaba au stenlesi. Kutu ya chuma itashuka kwenye herufi. Vichwa vizame, vifunike kwa vizibo vya mbao.

8. Vanishi ya nje. Ncha zipake mara tatu, ndizo zinazonywa maji.

MASWALI

— Fundi, kofia izidi kibao kiasi gani?
Hatua ya 2.

— Mimi nimepaka gundi yote na haijapasuka. Unatutisha bure.
Kibao kina muda gani?
— Wiki tatu.
Ni wima? Kifungue sasa, kabla ya kiangazi. Mimi nililipa ubao mpya na siku sita za kuchonga upya.

— Shikamoo fundi. Najifunza useremala Tanga. Mfereji wa chini una kazi gani?
Marahaba mwanangu. Maji yakifika ukingoni hayadondoki yote, mengine hutambaa chini ya kofia hadi kwenye ubao. Yakikuta mfereji hushindwa kuuvuka. Chukua kipande cha mbao, chimba mfereji nusu tu, kimwagie maji, utazame chini yake.
— Na kibao cha kulala?
Umeuliza vyema, nililisahau. Nyuzi zote zinalala, ubao na kofia husogea pamoja. Gundi nzima ni sawa.
— Rauta sina.
Tafuta kipande cha msumeno mkuukuu. Kitie tupa kipate umbo la nakshi kinyume chake, kibane kwenye kigogo, kwangua taratibu ukifuata nyuzi. Kwenye ncha tumia patasi kali. Mbao ngumu hutoka safi kwa njia hiyo, na umbo linakuwa lako peke yako. Ukifika Bagamoyo, pita Mtaa wa India utazame milango ya zamani: ile nakshi yote ni kazi ya mkono.